Kuukata ujumbe wa kirusi: maswali kuhusu tiba ya RNA na homa ya ini B

Nasikia kuna tiba ya "kuzima" virusi. Inafanyaje kazi?

Kirusi hakiwezi kujitengenezea protini. Kikiingia ndani ya seli, hutoa maagizo yaliyoandikwa kwa RNA, yaani molekuli inayobeba ujumbe wa kutengeneza protini, na seli huyatii. Tiba hii huyakata maagizo hayo kabla hayajasomwa. Mgonjwa hupewa kipande kifupi cha RNA chenye nyuzi mbili, kila mmoja na herufi (vijenzi vya RNA) kama 21. Ndani ya seli uzi mmoja hutupwa. Wa pili hushikwa na protini iitwayo Argonaute. Ukikutana na ujumbe unaolingana nao, Argonaute huukata katikati, kisha huenda kusaka mwingine kwa uzi uleule.

Mimea na wadudu hupambana na virusi kwa njia hii tangu zamani. Andrew Fire na Craig Mello waliieleza mwaka 1998 walipochunguza minyoo midogo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2006.

Kwa nini homa ya ini B ndiyo inayotajwa zaidi?

Kwa sababu ini linafikika. RNA tupu ikidungwa huvunjwa upesi kwenye damu, lakini ikifungwa na sukari maalumu, seli za ini huipokea na kuiingiza ndani. Tena, jumbe zote za kirusi hiki zina mkia unaofanana, hivyo kipande kimoja kikilenga mkia huo huzipata zote. Katika majaribio, protini ya kirusi iliyojaa kwenye damu imeshuka sana.

Basi inaponya?

Peke yake, bado. Kirusi huficha DNA yake ndani ya kiini cha seli, na tiba hii haiigusi. Hukata nakala za RNA zinazotolewa kwenye DNA hiyo, si chanzo. Dawa ikiisha nguvu, nakala huanza kutolewa upya. Ndiyo maana watafiti wanaijaribu pamoja na dawa za kuamsha kinga ya mwili, na mimi naona hapo ndipo penye tumaini la kweli.

Na VVU?

Ni vigumu zaidi. VVU hubadilika haraka, na herufi moja ikibadilika mahali palipolengwa, uzi unaweza kushindwa kuutambua ujumbe.

Natumia vidonge vya homa ya ini B. Niviache nisubiri sindano hiyo?

Tafadhali usiviache. Ukiacha bila usimamizi wa daktari, kirusi kinaweza kuamka kwa kishindo na kuliumiza ini vibaya. Waliomo nyumbani mwako wapimwe, na wasio na maambukizi wala kinga wapate chanjo, ambayo tayari ipo.