Kugawa kadi upya hakuiongezei kasi

Wengi huamini kadi ya memori ikiwa nzito (inafanya kazi polepole) kwenye Linux, dawa ni kufuta kila kitu na kuigawa upya. Tafadhali usikimbilie huko. Ndani ya kadi, data hufutwa kwa vitalu vikubwa, mara nyingi vya megabaiti kadhaa. Patisheni (sehemu ya kadi iliyotengwa kuhifadhi mafaili) ikianza katikati ya kitalu, kuandika mara moja kunaweza kugusa vitalu viwili. Kiwandani patisheni huwa imeshapangwa ianzie mwanzoni mwa kitalu. Kuona inapoanzia, andika `sudo fdisk -l /dev/mmcblk0` (hapa mmcblk0 ni jina la kadi): patisheni ya kadi yangu ya GB 32 inaanzia sekta 8192, kila sekta ikiwa baiti 512, yaani megabaiti 4 kamili. Programu za zamani za kugawa zilianzia sekta 63, katikati ya kitalu, pabaya kabisa. Kwa hiyo usigawe upya: nakili picha zako kwingine, tenganisha patisheni na mfumo kwa `umount` (kadi ibaki mahali pake), kisha ifomati patisheni hiyo hiyo: `sudo mkfs.vfat /dev/mmcblk0p1`.