"Miguu Yako Ndiyo Zumu" na Maneno Mengine Yanayowapotosha Wanunuzi wa Lenzi

Wiki haipiti bila mtu kunijia na swali lilelile: anunue zumu pana, yaani lenzi ambayo pete yake huzungushwa ili ione eneo pana au finyu, tuseme 16-35mm, au praimu moja, yaani lenzi isiyobadilika, mara nyingi 24mm au 35mm? Swali ni zuri. Kinachonichosha ni kwamba kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshabeba jibu la kupewa: "Nimeambiwa zumu ni uvivu. Nichukue praimu, nikitaka kuzumu nitatumia miguu." Nimewafundisha watu kupiga picha kwa miaka mingi, na kauli hii nimeisikia mno. Leo naijibu kwa kirefu. Milimita za lenzi ndizo urefu wake wa fokasi: zikiwa chache, lenzi huona eneo pana zaidi. Hesabu zote hapa ni za sensa (kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24, yaani fremu kamili, isipokuwa niseme vingine.

"Miguu yako ndiyo zumu bora"

Si kweli. Miguu ina kazi yake na pete ya zumu ina kazi yake, na hakuna inayoweza kushika nafasi ya nyingine.

Ukisogea, umbali kati yako na kila kitu hubadilika, lakini haubadiliki kwa uwiano mmoja. Chukua mtu aliyesimama mita 2 kutoka kwenye kamera, na mti ulio mita 10 nyuma yake. Piga kwa 24mm. Kisha rudi nyuma mpaka mita 4, weka 48mm, piga tena. Mtu atakuwa na ukubwa uleule katika picha zote mbili, kwa kuwa umbali umeongezeka mara mbili na urefu wa fokasi pia mara mbili. Mti je? Ulikuwa mita 12 kutoka kwenye kamera, sasa uko mita 14. Umekwenda mbali kidogo tu, huku lenzi ikiukuza mara mbili. Kwenye picha ya pili mti ni mkubwa karibu mara 1.7 kuliko kwenye ya kwanza. Katika picha ya kwanza mtu ndiye mwenye uwanja na mti uko kule nyuma, peke yake. Katika ya pili mti umemjia mgongoni. Sasa niambie ni hatua ngapi za miguu zitakazokupa picha ya pili ukiwa na 24mm peke yake, na huyo mtu abaki na ukubwa uleule. Hakuna.

Mpangilio wa vitu vya karibu na vya mbali huamuliwa na mahali uliposimama. Urefu wa fokasi hauna usemi hapo; wenyewe unaamua kipande gani cha mandhari kiingie kwenye fremu. Usiniamini kwa maneno, fanya jaribio. Weka kamera kwenye stendi, usiisogeze hata kidogo. Piga kwa 16mm, kisha kwa 35mm. Kwenye kompyuta, kata katikati ya ile ya 16mm mpaka ionyeshe eneo lilelile la 35mm. Ukizipanga ubavu kwa ubavu, vitu vyote vimesimama palepale kwa ukubwa uleule, cha mbele kwa cha nyuma. Utakachokuwa umepoteza ni pikseli: picha ya megapikseli 24 inabaki na 5 hivi. Naliomba jaribio hili kwa kila mwanafunzi wangu siku ya kwanza, na wanaolifanya hawarudi kuniuliza kwa nini lenzi pana "inasukuma" vitu mbali.

Kumbe basi, anayemwambia mwenye praimu "tembea tu" anamwambia aibadilishe picha ili iitoshee lenzi. Wakati mwingine hilo lina heri, kwa sababu watu wengi husimama mbali mno, na 35mm huwalazimisha kusogea. Sikatai. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba picha ni ileile.

Halafu kuna suala ambalo watetezi wa miguu hulipita kimya: ukuta. Ukiwa mita 3 kutoka kwa kitu unachopiga, 16mm inachukua upana wa mita 6.75. Ukiwa palepale, 35mm inachukua mita 3 na kidogo. Ili 35mm ichukue upana ule wa mita 6.75, itakubidi urudi nyuma mpaka mita 6 na nusu. Chumbani utarudi wapi? Kwenye ukingo wa korongo? Ndani ya gari? Nimeshuhudia mpiga picha mzuri kabisa akiwa amebanwa pembeni mwa chumba kilichojaa watu, ana 35mm tu, nusu ya familia iko nje ya fremu, na wakati ule haurudiwi tena. Mtu aliyemshauri kununua lenzi ile hakuwepo.

Upande wa pili wa kosa hilihili ni wa wenye zumu, na hapa ndipo neno "uvivu" linapopata chembe ya ukweli. Anafika, anasimama pale miguu ilipochokea, anazungusha pete mpaka fremu ijae, anapiga. Huyo naye hakuchagua chochote. Ushauri wangu kwa wote wawili ni mmoja, na nitaurudia mpaka niishiwe na sauti: kamera ikiwa bado chini, tembea kwanza. Sogea, chuchumaa, panda juu ya kitu, mpaka cha mbele na cha nyuma vikae unavyotaka kwa jicho lako tupu. Ukishapapata mahali, ndipo uinue kamera na uulize: kutoka hapa nakata wapi? Jibu la swali hilo ndilo urefu wa fokasi. Mwenye zumu atalipata kwa kuzungusha pete. Mwenye praimu atalipata kama lina bahati ya kulingana na lenzi yake, la sivyo ataanza kujadiliana na mahali aliposimama.

Ukilielewa hili, lile lalamiko la "lenzi pana inaharibu sura za watu" nalo linajibika lenyewe. Pua kuwa kubwa na masikio kujificha kunatokana na ukaribu. Kamera ikiwa sentimita 30 kutoka puani, masikio yako kama sentimita 42. Pua imekaribia zaidi kwa uwiano wa 1.4. Kutoka mita moja na nusu, tofauti hiyo inashuka hadi asilimia 8 hivi. Lenzi pana hukukaribisha usogee, lakini aliyesogea ni wewe.

Ule mvutano wa pembeni ni habari nyingine, na huo kweli ni wa pembe pana. Mpira ulio kwenye ukingo wa kushoto au wa kulia wa fremu ya 16mm hutoka kama yai, urefu wake wa kulala ukiwa karibu mara 1.5 ya ule wa kusimama. Kwa 35mm ni mara 1.1 tu. Hii ni jiometri ya kuinyoosha mistari iliyonyooka, kwa hiyo praimu ya 16mm, hata iwe ghali namna gani, itawanenepesha watu wa pembeni sawasawa na zumu iliyowekwa 16mm. Kwa picha ya kundi, usiweke vichwa vya watu karibu na kingo. Vuta zumu mpaka 28mm au zaidi na urudi nyuma, kama nafasi ipo.

"Praimu daima ni kali kuliko zumu"

Ilikuwa kweli, kisha ikawa kweli mara nyingi, na siku hizi inategemea ni praimu ipi na zumu ipi. Voigtländer Zoomar ya mwaka 1959, zumu ya kwanza kwa kamera za picha za mnato za filamu ya milimita 35, haikuweza kushindana na praimu nzuri za wakati wake. Lakini Nikon walipotoa 14-24mm f/2.8 mwaka 2007 (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi linaloingiza mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni wazi zaidi), wapiga mandhari wengi waliiweka mbele ya praimu pana zilizokuwepo, na hata baadhi ya wenye kamera za Canon walitafuta adapta waifunge kwenye mashine zao. Ukilinganisha zumu nzuri ya leo na praimu nzuri ya leo, zote kwenye f/8, katikati ya picha utapata shida kusema ipi ni ipi. Praimu hujitofautisha tundu likiwa wazi, na kwenye pembe za fremu.

Wanaoniletea picha zisizo kali, tatizo huwa mara nyingi ni shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) iliyokuwa polepole, fokasi iliyokaa sikioni badala ya jichoni, au tundu lililobanwa mpaka f/22 ambapo mwanga wenyewe unaanza kutawanyika. Lenzi mpya haiponyi hata moja kati ya hayo.

"f/2.8 na f/1.4 zinatofautiana kidogo tu"

Kwa mwanga zinaouingiza, zinatofautiana mara nne. Kati ya f/4 na f/1.8 ni karibu mara tano: pale zumu inapokupa shata ya 1/25 ya sekunde, praimu inakupa 1/125, na mtoto anayekimbia anatulia kwenye picha. Kitulizi cha mtikisiko hakisaidii hapo, kwa sababu kinatuliza mikono yako na si miguu ya mtoto. Kwa wanaopiga usiku, ndani bila flashi, au nyota, hapa ndipo praimu inaponishinda hoja bila ubishi. Mimi mwenyewe kwa nyota sibebi kingine zaidi ya 20mm f/1.8.

Ila usiinunue f/1.4 ukidhani utaitumia wazi kila mara. Kwa 35mm kwenye f/1.4, mtu akiwa mita moja na nusu, eneo lililo kali lina unene wa sentimita 15 hivi. Watu wa safu mbili hawaenei humo.

"Nataka zumu pana ya f/2.8 ili nyuma kuwe na ukungu"

Hutaupata, au utaupata kiduchu. Ukiweka fokasi mita 3 kwa 16mm na f/2.8, karibu kila kitu kuanzia mita moja na nusu mpaka upeo wa macho kitaonekana kikali. Kama unapiga mandhari na majengo, f/4 inakutosha, nayo kwa kawaida ni nyepesi na ya bei nafuu kuliko ndugu yake wa f/2.8. Na kabla hujalipa, tazama kioo cha mbele: zumu nyingi zinazoanzia 14mm zina kioo kilichotuna ambacho hakikubali filta ya kawaida ya kuzungushia. Kwa mtu anayetegemea filta, hilo linafunga mjadala.

"Kwenye sensa ndogo, 35mm inageuka kuwa 50mm"

Haigeuki. Inabaki 35mm, ila sensa inachukua kipande kidogo zaidi cha picha, kwa hiyo unaona eneo ambalo lenzi ya 52mm hivi ingekuonyesha kwenye fremu kamili, au 56mm kwa sensa ndogo za Canon. Ningelipita jambo hili haraka kama lisingekuwa linawala watu fedha: mtu ana kamera ya sensa ndogo, ananunua 16-35mm kwa bei kubwa apate upana, kisha anaona kama vile ana 24-52mm. Mwenye kamera ya namna hiyo anahitaji zumu inayoanzia 10mm au 11mm, iliyotengenezwa kwa sensa yake.

Sasa, kama bado hujui ununue ipi, na una zumu yoyote, hata ile ndogo iliyokuja na kamera, fungua picha zako mia mbili za karibuni ulizozipenda mwenyewe na uangalie taarifa zake: zilipigwa kwa milimita ngapi? Usihesabu ulizozifuta. Kisha bandika kipande cha utepe kwenye pete ya zumu, kwenye namba iliyojirudia zaidi, na upige picha hivyo wiki mbili bila kuubandua. Kila utakapotaka kuubandua, andika ulikuwa wapi na ulihitaji upana zaidi au ukaribu zaidi. Ukimaliza wiki mbili na karatasi iko tupu, nunua praimu ya namba hiyo. Karatasi ikijaa "upana zaidi, nilikuwa ndani", nunua zumu pana, na atakayekwambia utumie miguu mwonyeshe karatasi.