Klabu ya Rotary si ofisi ya wafadhili: ijue kabla hujaandika barua

Ukifika msimu wa kupanga bajeti, ofisi zetu za maendeleo ya jamii hapa Mwanza hupitishiwa barua zinazofanana. Mwalimu mkuu anaomba matundu ya vyoo, kamati ya zahanati inaomba kitanda cha kujifungulia, kinamama wanaoanika dagaa mwaloni wanaomba vichanja. Juu ya barua imeandikwa "Kwa Mfadhili, Rotary." Nyingi haziendi popote, kwa sababu mfadhili wa namna hiyo hayupo.

Rotary ni mtandao wa klabu za watu wanaojitolea kuhudumia jamii. Ilianzia Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu. Leo ina watu takribani milioni 1.2. Lakini kisheria mwanachama wa Rotary International, yaani umoja wenyewe wa dunia, ni klabu. Mtu binafsi ni mwanachama wa klabu yake tu, na klabu ndiyo inayoamua ifanye mradi gani, wapi na kwa fedha kiasi gani.

Aliyewahi kuwa kwenye kikoba ataielewa upesi. Kuna katiba, ada, katibu, mweka hazina, na faini kwa anayechelewa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kukopeshana wala mgawo wa mwisho wa mwaka. Kinachochangwa kwa ajili ya miradi hutoka nje kwenda kwa jamii. Kiongozi wa klabu huitwa rais. Hugonga kengele iliyo mezani, wageni wanatambulishwa kwa majina, kisha msimamizi wa nidhamu anapita akitoza faini: huyu kasahau beji, yule kapandishwa cheo kazini na lazima alipie furaha yake. Beji yenyewe ni gurudumu la meno 24 na spoku 6. Ninaitaja kwa sababu nimesikia mara nyingi mtaani kwamba gurudumu hilo ni alama ya Freemason. Si kweli. Klabu haifungamani na dini wala chama cha siasa, na mgeni anakaribishwa kuhudhuria kikao.

Klabu hukusanywa katika wilaya, ambayo haihusiani na wilaya za serikali kama Nyamagana au Ilemela. Kuanzia 2013 Tanzania na Uganda zilikuwa wilaya moja, namba 9211, baada ya wilaya kubwa ya 9200, iliyozibeba pia Kenya, Ethiopia na Eritrea, kugawanywa. Wilaya inaongozwa na gavana, ambaye hutembelea klabu, anashauri na kufundisha, lakini hawezi kuiamuru klabu ichimbe kisima kijijini kwenu. Kwa hiyo kumtafuta gavana ili "aseme neno" ni kupoteza nauli.

Makao makuu yako Evanston, jimbo la Illinois, Marekani. Rais wa Rotary duniani hukaa mwaka mmoja. Mwafrika wa kwanza alikuwa Jonathan Majiyagbe wa Nigeria, 2003 hadi 2004. Jirani yetu Sam Owori wa Uganda aliteuliwa kwa mwaka wa 2018 hadi 2019, akafariki Julai 2017 kabla ya kushika kiti. Kanuni hubadilishwa na baraza linalokutana kila baada ya miaka 3, kila wilaya ikituma mjumbe mmoja. Baraza hilo ndilo lililofungua mlango kwa wanawake mwaka 1989, na kwa maoni yangu lilichelewa mno.

Rais wa klabu naye ana mwaka mmoja tu, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, sawasawa na mwaka wa fedha wa serikali yetu. Barua ya Mei inamkuta anafunga hesabu. Zungumza pia na rais mteule, maana ndiye anayepanga miradi ya mwaka unaofuata.

Fedha kubwa hutoka kwenye Taasisi ya Rotary, iliyoanzia kwenye wazo la Arch Klumph mwaka 1917. Hiyo ndiyo iliyobeba kazi ya polio tangu 1985, hadi Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ikatangazwa kuwa haina tena polio ya asili Agosti 2020. Ruzuku yake ya kimataifa inahitaji mradi wa angalau dola 30,000, klabu ya hapa na klabu ya nchi nyingine zikishirikiana, pamoja na tathmini ya mahitaji iliyofanywa kwa kuwashirikisha wananchi wenyewe kabla ya maombi.

Tathmini hiyo wengi huiona ni usumbufu. Chukua shule iliyo kando ya ziwa, tuseme Ukerewe au Sengerema, ambako watoto wanaugua kichocho. Barua inaomba machujio ya maji ya kunywa. Lakini vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi mtoto anapoingia ziwani kuchota, kuoga au kufua. Chujio halitamzuia kuingia. Ukikaa na watoto na kuwauliza nani anachota maji, saa ngapi, anaingia hadi wapi, ombi linabadilika: inatakiwa bomba au kisima mbali na ufuko, na vyoo vinavyotumika, kwa sababu mayai ya vimelea hurudi ziwani kupitia kinyesi na mkojo. Ombi la namna hiyo klabu inaweza kulitetea mbele ya wenzao wa ng'ambo.

Swali litakalofuata ni nani atabadilisha raba za pampu zikichakaa. Jibuni kabla hamjaulizwa. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa kijiji, taarifa ya akaunti ya chombo cha watumia maji, kiasi ambacho kila kaya imekubali kuchangia kwa mwezi, na jina la fundi anayeishi hapohapo.