BRELA haisajili makandarasi

Wiki hii nimeambiwa tena, nikiwa nimesimama na bisibisi mkononi mbele ya DB, lile boksi la breka, iliyoungua huko Tabata: "Lakini fundi, kampuni yao imesajiliwa. Cheti cha BRELA nimekiona kwa macho yangu." Aliyesema hivyo ni mama mmoja makini, mwenye faili lenye risiti zote za nyumba yake tangu tofali la kwanza. Hakuwa mzembe. Alikagua, ila alikagua karatasi isiyohusika, na hakuna aliyewahi kumwambia.

BRELA inasajili kampuni na majina ya biashara. TIN ni namba ya kodi. Leseni ya biashara inakuruhusu kufanya biashara. Zote tatu ni halali na mkandarasi anapaswa kuwa nazo, lakini katika kuzitoa zote tatu hakuna aliyemuuliza mwenye nazo kama anajua kutofautisha waya wa nyutro na ethi, ule wa kwenda ardhini. Ukandarasi una bodi yake, CRB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997, na umeme una mlango mwingine juu ya huo: leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Mtu akikuonyesha BRELA ulipomuuliza usajili wa ukandarasi, ujue hajajibu swali.

Madaraja nitayapitia haraka. Mkandarasi wa majengo anasajiliwa kuanzia daraja la kwanza, ambalo ni kubwa, hadi la saba, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi moja anayoruhusiwa kuchukua. Aina nazo zinatofautiana: aliyesajiliwa kwa barabara hajasajiliwa kwa umeme wako. Ada ya bodi ni ya kila mwaka, na wasiolipa hufutwa, kwa hiyo cheti kilichotundikwa ukutani kwenye fremu nzuri kinaweza kuwa cha mtu aliyekwisha kufutwa. Ingia tovuti ya CRB utafute jina, au piga simu ofisini kwao. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa nifike kwenye linaloniuma: mhuri wa kukodi.

Ili TANESCO wakuletee umeme kwenye nyumba mpya, fomu na mchoro wa waya vinatakiwa kuwa na mhuri wa mkandarasi aliyesajiliwa. Utaratibu huo una maana nzuri kabisa: yule mwenye mhuri anasema, nimefunga mimi au nimesimamia mimi, nimepima, nabeba dhamana. Mtaani umegeuka. Fundi asiye na leseni anafunga nyumba nzima, kisha anaupeleka mchoro kwa mwenye mhuri, analipa kidogo, unagongwa mezani. Mwenye mhuri hajaiona nyumba. Hajui kama ina vyumba vitatu au vinane. Mteja naye akiuona mhuri anapumua, LUKU inafungwa, taa zinawaka, na kila mtu anaamini kwamba nyumba imekaguliwa.

Nilichokikuta Tabata ndicho hicho. Hita ya bafuni, ile ya kuchemsha maji papo hapo, ya kilowati 5, imepelekewa waya wa milimita 1.5, waya wa taa. Hita hiyo inavuta karibu ampia 22. Juu ya waya huo fundi kaweka breka ya ampia 32, kwa sababu breka ya 16 ilikuwa "inakata kata". Bila shaka ilikuwa inakata, ndiyo kazi yake! Ukishaweka ya 32, breka inatulia na waya ndio unaopata moto ndani ya ukuta, kila mtu anapooga. Plastiki ya waya ilikuwa imelainika na kuwa nyeusi kutoka kwenye DB hadi mwanzo wa kondiuti. Waya wa ethi ulikuwepo, kijani na njano, safi, umeshuka hadi chini ya ukuta wa nje na kuishia kwenye mchanga. Rodi, ile fimbo ya chuma inayogongelewa ardhini, hakuna. Na mchoro wenye mhuri umo kwenye faili, umekunjwa vizuri.

Kwa hiyo usiishie kuuliza "una leseni?" Muulize jina la mwenye leseni, na siku gani atakuja yeye mwenyewe kusimama kwenye nyumba yako. Mpigie huyo mwenye leseni kabla ya kutoa advansi. Akiwa haijui kazi yako, umekwisha kujibiwa. Na siku ya kupima ethi na insuleshoni kwa mega, kifaa cha vipimo hivyo, uwepo, uandikiwe vipimo kwenye karatasi yenye jina na sahihi yake.

Kwenye bima napo kuna mchanganyiko. Nimeonyeshwa stika ya bima ya pikapu kama ushahidi kwamba kazi ina bima. Pikapu ndiyo yenye bima. Unachotafuta ni bima ya dhima, ile inayolipa pale mkandarasi anapomharibia mtu mwingine: kwa nyumba za Sinza au Manzese, ukuta kwa ukuta, moto wako ni moto wa jirani. Soma hati ni kwa jina la nani, kwa kazi gani, eneo gani, na inaisha lini. Namba ya hati ihakikishe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, maana karatasi yoyote inaweza kuchapwa stationari. Na vijana watakaopanda juu ya paa lako, uliza kama mwajiri wao anawachangia WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ulioanza mwaka 2015. Mara nyingi jibu ni kwamba hao ni vibarua tu. Kibarua naye anavunjika mguu.

Nina shaka zangu, na nitaziweka wazi. Kwa kazi ya kubadili soketi mbili sijawahi kuona mtu akikatiwa bima ya dhima, na sitamwambia mpangaji wa Mbagala atafute mkandarasi wa daraja fulani kwa ajili ya taa ya jikoni. Nimekuta pia kazi za waliosajiliwa zilizonitia aibu, na kazi za mafundi wasio na karatasi zilizopangwa waya kwa waya kwa heshima. Leseni haithibitishi kwamba kazi ni nzuri. Inathibitisha kwamba yupo mtu mwenye jina na namba, anayeweza kuitwa na kunyang'anywa kitu kazi ikiwa mbaya. Sijui namna nyingine ya kumlinda mteja asiyejua umeme.

Nyumba ya mama yangu mzazi ilifungwa waya na kijana asiye na leseni, nilimchagua mimi. Nilikuwepo kila siku, rodi niliigongelea mwenyewe, nikapima kila saketi kabla mhuri wangu haujagusa mchoro. Yule mama wa Tabata alipopiga namba iliyo kwenye mhuri wa mchoro wake, aliyepokea alimuuliza nyumba yenyewe iko wapi.