Mizani ndiyo shahidi wangu mkuu

Napeleleza kesi za ukatili kwa wanyama. Anayenipigia simu huwa anataka jambo moja tu: nije sasa hivi, nimfungue yule mbwa, niondoke naye. Hasira yake naielewa. Lakini nikiingia uani kwa mtu bila ridhaa yake, na bila hati ya upekuzi pale sheria inapoitaka, vielelezo vyangu vinaweza kukataliwa mahakamani na mbwa akarudishwa kulekule.

Wanaopiga na kuchoma wanyama wapo, ila sehemu kubwa ya mafaili yangu ni ya kutelekeza. Maji yameota ukungu, kwato zimejikunja, ukanda wa shingoni umezama nyamani. Ukanda hauzami kwa siku mbili, wala kwato hazirefuki kwa wiki moja. Kwa hiyo mwenyewe akidai mnyama aliugua juzi tu, mwili wa mnyama unamkanusha.

Kwenye njaa ndipo kazi inapohitaji umakini zaidi. Macho pekee hayatoshi, maana manyoya marefu huficha mifupa. Lazima upapase mbavu, uti wa mgongo na nyonga. Kisha tunatoa alama ya hali ya mwili, kuanzia 1, mifupa mitupu, hadi 9, unene uliopindukia. Farasi wana kipimo chao cha namna hiyo tangu 1983, kilichobuniwa na mtafiti Henneke.

Utetezi ninaousikia mara nyingi ni “ana minyoo” au “ni mzee huyo.” Huenda ni kweli, ndiyo maana daktari wa mifugo hupima damu na kinyesi mapema. Baada ya hapo tunamlisha na kumpima uzito mara kwa mara. Vipimo vikiwa safi na mnyama akanenepa kwa chakula tu, mchoro wa uzito wake unasema yote. Kumlisha nako kuna hatari: mwili uliokonda kupita kiasi ukishindiliwa chakula ghafla, madini ya fosfati hushuka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Tunampa kidogo kidogo, ingawa analilia bakuli. Na aliyekwisha kufa bado ana la kusema, kwa kuwa mafuta ya uboho ni miongoni mwa akiba za mwisho kuliwa na mwili wenye njaa, maabara huyapima.

Si kila kesi naipeleka mahakamani. Mwenye mnyama akiwa mgonjwa au amefilisika, naandika onyo, naelekeza pa kupata msaada, narudi kukagua bila kutoa taarifa. Nikiwa hapo huwatazama watoto na watu wengine wa nyumba pia, kwa sababu mkono unaomtesa mnyama mara nyingine hauishii kwake.



Usumbufu usioonekana na wengi ni muda. Mnyama aliyekamatwa ni kielelezo cha ushahidi, hivyo kesi ikisogezwa mbele, naye anaendelea kukaa ndani ya kizimba cha makazi ya wanyama, haruhusiwi kupewa mmiliki mpya. Ndiyo sababu siku ya kwanza kabisa, tukiwa bado mlangoni, namwekea mwenyewe fomu ya kumwachia mnyama kwa hiari na kalamu juu yake. Akitia saini, mashtaka yanaweza kuendelea, na mbwa akaanza maisha mapya bila kusubiri hukumu.