Maswali ya presha ninayoulizwa kila siku kliniki

Kwenye kadi yangu mmeandika haipatensheni. Ndiyo nini?
Ndiyo presha ya kupanda. Jina limeungwa kwa vipande viwili: *hyper* cha Kigiriki, yaani kupita kiasi, na *tensio* cha Kilatini, yaani kukazwa. Kinachokazwa ni kuta za mishipa, kwa nguvu ya damu inayopita ndani. Vipimo vya siku tofauti vikisoma 140 kwa 90 au zaidi, unayo.

Lakini mimi sina tensheni. Nyumbani kwangu raha mustarehe.
Hapa ndipo watu wanapopotea. Tensheni ya mtaani ni mawazo, hii ya kadi ni mishipa. Muuza viazi karai Kongowea aweza kucheka na wateja kutwa nzima na presha yake ni 190 kwa 110. Uliza chumvi, uzito, tumbaku, umri na ukoo wenu. Chumvi ya siku nzima isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile ya kwenye achari.

Nimemeza dawa mwezi mmoja, sasa sisikii lolote. Niache?
Hapana. Imeshuka kwa sababu unameza. Mtu hunifungulia mkoba, nikaona pakiti aliyopewa kabla ya Ramadhani bado imejaa, vimetoka vidonge viwili tu. Kama unafunga, njoo mapema tukupangie dawa za futari na daku. Usiache.

Na nikinywa thomu, au nikipigwa chuku?
Hapana vilevile. Thomu tia mchuzini, vidonge meza.

Basi nitajuaje kama imepanda?
Kwa kupimwa. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alitoa mkanda wa kufunga mkononi mwaka 1896, na mpaka leo kusikilizia kichwa au kizunguzungu hakujaushinda. Wengi presha haiwaumi popote, hadi siku inapowaangusha.

Mzee mdomo umekwenda upande ghafla, mkono umelegea. Tumemkanda mafuta, twasubiri kukuche.
Msisubiri! Hicho ni kiharusi, si upepo mbaya. Hospitali sasa hivi, usiku huohuo. Kama kuna damu iliyoganda kichwani, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na kwanza lazima apigwe picha ya kichwa. Mlioko Likoni, hesabuni na foleni ya feri. Msimpe maji, uji wala kidonge, atapaliwa. Tazameni saa dalili zilipoanza, na mkifika mlangoni ndilo neno la kwanza kumwambia daktari.