Utegemezi wa bidhaa ghafi maana yake nini? Tuhesabu kwa bati

Marehemu babu yangu alilima pamba Kwimba, huku kwetu Mwanza, miaka yote, na mauzo yake alikuwa hahesabu kwa hela, alikuwa anahesabu kwa bati. Mwaka fulani kilo kadhaa za pamba zinatoa bati moja, mwaka unaofuata kilo zile zile hazitoi hata nusu bati, na jembe ni lile lile, shamba lile lile, mvua imenyesha vizuri tu. Alikuwa anatusimulia hivyo na sisi tulikuwa watoto tunaona mzee analalamika, kumbe alikuwa anatufundisha uchumi.

Naandika hii kwa sababu kila bajeti ikisomwa watu wanaanza kubishana, huyu anasema uchumi umekua, mwingine anasema mbona mfukoni hamna kitu, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi kabisa. Ili uelewe inawezekanaje lazima uijue hii dhana, utegemezi wa bidhaa ghafi.

Bidhaa ghafi ni kitu kinachouzwa kikiwa karibu kama kilivyotoka shambani, ziwani au ardhini. Pamba, kahawa, samaki, dhahabu, shaba, mafuta. UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, wao wanasema nchi inakuwa tegemezi kama zaidi ya asilimia 60 ya thamani ya bidhaa inazouza nje ni vitu vya namna hiyo. Nchi nyingi za Afrika zimo humo. Sio kosa kuwa na dhahabu wala pamba jamani, shida ni kwamba ukiegemea hapo bei yako anaipanga mtu mwingine na wewe unasikia tu.

Sasa watu wengi wanadhani mkulima wa kijijini yuko nje ya soko la dunia, kwamba tunatakiwa "tuunganishwe". Mimi naona kinyume, yeye ameunganishwa kuliko hata mfanyakazi wa ofisini pale mjini. Angalia 2011. Mwezi Machi bei ya pamba nyuzi (pamba iliyotolewa mbegu) duniani ilipita dola 2 kwa ratili, haijawahi kuonekana, huku kwetu kila mtu anasema dhahabu nyeupe imerudi, watu wamelima mpaka uwanja wa nyumba. Msimu wa kuuza unafika bei kule nje imeshaanza kuporomoka, na mpaka mwaka unaisha ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Baba mdogo aligoma kuuza, akajaza pamba chumba kizima, watoto wakahamia sebuleni, kila jioni anawasha redio labda bei itapanda, haikupanda, ikabidi auze kwa bei ya chini kuliko ile aliyoikataa. Hakuna alichokosea shambani. Kilichobadilika ni viwanda vya nguo vya mbali huko, China na kwingineko, na wakulima wa nchi nyingine waliolima kwa wingi baada ya kuona bei tamu.

Na hili la bei kupanda na kushuka ndo nusu ya tatizo. Nusu nyingine ni ile ya bati ya babu. Mwaka 1950 wachumi wawili, Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer aliyezaliwa Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake walionyesha kwamba kwa muda mrefu bei ya mali ghafi huwa inabaki nyuma ya bei ya vitu vya kiwandani. Yaani miaka inavyokwenda unahitaji pamba nyingi zaidi kununua trekta lile lile. Sababu moja ni kwamba mtu akitajirika hali ugali mara mbili wala hanywi kahawa mara tatu, ila ananunua simu, gari, dawa nzuri. Sababu nyingine ni kwamba wauza pamba wako mamilioni na hakuna anayeweza kukataa bei, wakati wenye kutengeneza mashine ni wachache. Wachumi wanabishana mpaka leo jambo hilo ni kweli kwa bidhaa zote au baadhi, lakini ukikaa na wazee wa Usukumani hawakubishii.

Njoo ziwani uone sura nyingine. Sangara sio samaki wa asili hapa, aliletwa enzi za mkoloni, na kuanzia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vikajaa Mwanza, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na mapanki, ile mifupa na kichwa baada ya nyama kuondolewa. Ajira zilikuja kweli, sitaki kudanganya, kuna watu wamejenga na kusomesha kwa sangara. Lakini 1998 Ulaya wakazuia samaki wetu kwa hofu ya kipindupindu, na WHO walisema hatari ya ugonjwa huo kupitia samaki wa kuagizwa ni ndogo sana, wakazuia hivyo hivyo. 1999 wakazuia tena, safari hii kwa sababu ya habari za watu kuvua kwa sumu. Mvuvi wa Ukerewe asiyejua hata Brussels, yanakotoka maamuzi ya Umoja wa Ulaya, iko wapi, siku hiyo nyavu zake zimekosa kazi. Na sa hivi kilo ya mabondo, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa sangara inayoishia China na Hong Kong kwenye supu, ni ghali kuliko kilo ya nyama ya samaki huyo huyo, wanunuzi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, wanapima bondo moja moja huku simu iko sikioni, maana bei inatoka upande wa pili wa simu.

Kwa hiyo ukisikia uchumi umekua, inaweza kuwa dhahabu imepanda. Agosti 2020 ilipita dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza, migodi ikachangamka, dola zikaingia, mrahaba, yaani malipo ya migodi kwa serikali, ukaongezeka, watu wakajenga Geita mpaka huku kwetu. Ukuaji huo ni wa kweli, ila haujatokana na sisi kujua kufanya kitu ambacho jana tulikuwa hatukijui, na hapo ndo tofauti yenyewe ilipo. Kiwanda cha nguo cha Mwatex hapa Mwanza kipindi chake kilichukua pamba ya hapa hapa kikatoa kitambaa, na fundi wa pale alikuwa na ujuzi ambao bei ya soko la dunia haiwezi kumnyang'anya. Leo pamba yetu nyingi bado inatoka ikiwa nyuzi tu. Angalau 2021 Mwanza ilipata kiwanda cha kusafisha dhahabu, ni hatua, japo dhahabu safi nayo bei yake hatuipangi.

Kuna waliojitahidi kubadilisha nafasi yao bila kujifungia. Botswana walibanana na De Beers, kampuni kubwa ya almasi, mpaka 2013 mauzo ya almasi yaliyokuwa yanafanyika London yakahamia Gaborone, na kazi za kuchambua na kukata zikakua pale kwao. Na bado almasi za maabara zilipojaa sokoni nao wameyumba vibaya.

Mimi huwa naenda Kirumba mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, kuangalia dagaa. Kwa maana ya vitabuni dagaa nao ni bidhaa ghafi tu, wameanikwa wakakauka basi. Lakini simama pale asubuhi umwangalie mama mmoja na magunia yake, Mkongo anakuja na bei yake, mama anakataa, anakuja Mzambia, kuna Mrundi, kuna mtu wa chakula cha kuku, kuna wa Tabora, na mama anajua kabisa dagaa wake wamekaushwa kwenye chanja hawana mchanga kwa hiyo anataka zaidi ya jirani yake aliyeanika chini. Wanavutana hapo hapo mpaka wanakubaliana. Juzi njia ya Kongo ilikuwa na shida, magunia yakakaa, akashusha kidogo akauza kwa wa Tabora, hela akaenda kununua mbao za kuongeza chanja.